Wala Uchumba

Kwa jina la Mola ambaye huzifungua nyoyo bila ya ufunguo na kuzifunga bila ya kufuli, na kwa kumtakia rehema na amani Mtume wake aliyewafunza watu kusema kweli hata ikiwa chungu, sura hii inafunguliwa. Tunamwomba aujaalie ulimi wepesi, usimulie yaliyowafika wawili waliopendana kwa heshima na wakaachana kwa heshima, na katika kuachana kwao hapakuwa na mwovu hata mmoja.

Kwanza tuwapange watu wake, msomaji asipotee.

Yuko binti, mhadhiri wa elimu ya mimea, ambaye wanafunzi walimpachika jina la Hadubini kwa kuwa hakukubali kitu mpaka akitazame kwa karibu mara mbili. Kazi yake ilikuwa kuuchunguza ukungu unaoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, ukungu uachao sumu isiyo na harufu wala ladha. Mdogo wake wa pekee aliondoka duniani kwa sumu hiyo akiwa na miaka sita, na tangu siku ile Hadubini hakujadiliana tena na mtu juu ya nini atafanya maishani mwake.

Yuko bwana, mhadhiri wa takwimu, mrefu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Huyu walimwita Bwana Nukta, kwani aliweza kumrudishia mtu kazi ya muhula mzima kwa sababu ya nukta moja iliyokaa pasipo pake. Miaka minne alimsaidia Hadubini kuzisoma namba za utafiti wake, na miaka hiyo minne alimpenda bila ya kutoa neno.

Yuko baba wa binti, fundi cherehani, aliyefiwa na mkewe mapema. Na yuko shangazi, dada wa fundi huyo, aliyemlea binti kama wake wa kumzaa. Shangazi huyu, katika ujana wake, aliposwa na mtu; mtu yule akairudisha posa, akaja tena kuomba, akapokelewa, akairudisha tena. Ujana ukapita juu ya kizingiti, akabaki kwa kaka yake akishona vifungo.

Kwa ajili hiyo, wazee wanne walipokwenda kumposea Bwana Nukta, Fundi aliwarudisha mara mbili. "Mtu wa hesabu," alisema, "atamhesabia mwanangu hata pumzi." Mara ya tatu akalegea, kwa sharti moja alilolisema mbele ya wote: "Posa ikiingia nyumba hii haitoki. Ikitoka, hairudi kamwe. Dada yangu alichezewa kama mpira. Mwanangu hachezewi." Wazee wakaridhia, na Bwana Nukta akaridhia kuliko wote.

Basi miezi miwili kabla ya posa hiyo, Hadubini aliomba ufadhili wa utafiti wa miaka mitatu katika chuo cha ng'ambo, mahali penye mashine ya kuipima sumu ile hata ikiwa kidogo kuliko chembe ya vumbi. Waombaji hawakutakiwa kuvuka miaka thelathini na mitano, naye alikuwa na thelathini na mitano kamili. Barua ya udhamini iliandikwa na Bwana Nukta, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeijua kazi ile kwa undani. Aliiandika kwa siku tisa. Na ufadhili ukapatikana.

Furaha ya nyumba ile haikutimiza juma.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, Bwana Nukta alipoitwa ofisi ya utafiti. Katibu wa ofisi hiyo, mama mnene mcheshi aliyekwisha kuwazika wakuu wa vitivo watatu, alimtazama juu ya rundo la mafaili.

"Kaa, Bwana Nukta."

"Nikikaa nitachelewa darasani."

"Kaa, baba. Hii si ya kusomwa umesimama."

Akamsogezea karatasi. Wafadhili walitaka mdhamini wa kila aliyechaguliwa alirudie tamko lake, kwa tarehe ya siku atakayotia sahihi, kabla ya tikiti kukatwa. Tamko lilikuwa la mistari miwili: *Nathibitisha kwamba hadi leo, baina yangu na mwombaji hakuna uhusiano wa damu, wala ndoa, wala uchumba.*

Bwana Nukta alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Mistari haikubadilika.

"Mara ya kwanza niliisaini," alisema. "Na ilikuwa kweli."

"Najua. Posa yako nilikula hadi nikalegeza mshipi." Katibu akashusha sauti. "Nimeshawaandikia, bila kutaja jina. Nimeuliza, je, hali ya mdhamini ikibadilika? Wakajibu siku ile ile. Watu wale sijui hulala lini. Mdhamini akibadilishwa, ombi linarudi mwanzo, linangoja mwaka ujao."

"Mwaka ujao atakuwa ameshapitisha umri."

"Ndipo hapo."

Kisha Katibu akamwinamia, harufu ya karafuu ikitoka kinywani mwake. "Sikiliza mwanangu. Mimi sijaona kitu. Saini, nitume, umwoe. Nani atapanda ndege kuja huku kuhesabu harusi?"

"Mimi nitakuwa nimeshahesabu."

"Ah!" Katibu akapiga kiganja juu ya meza. "Hili jina lako hawakulikosea. Una mpaka Alhamisi adhuhuri."

Alimkuta Hadubini maabara, peke yake, ameziinamia sahani ndogo za kioo zilizopangwa safu, kila moja na duara lake la ukungu wa kijani. Hakuinua uso.

"Nimekusikia tangu chini," alisema. "Unapanda kama mtu anayehesabu ngazi."

"Ni ishirini na mbili."

"Unaona?" Akacheka, akainua uso, na kicheko kikamfia mdomoni. "Kuna nini?"

Akampa karatasi. Hadubini akaisoma, na kama ilivyo kawaida yake, akaisoma tena. Kidole chake kikasimama juu ya maneno mawili ya mwisho.

"Na ile ya kwanza uliisaini?"

"Niliisaini. Wazee walikuwa hawajaja kwenu."

"Habari za wazee nazijua. Nakuuliza wewe. Siku ile ulikuwa hunipendi?"

"Nilikuwa nakupenda."

"Na ukasaini."

"Fomu haikuuliza mapenzi. Iliuliza uchumba."

"Subhanallah! Wewe mtu!" Akasukuma kiti nyuma. "Miaka minne unanipenda kimya kimya, kumbe unangoja kisanduku cha kutia alama!"

"Ningeandika nini? Kwamba mwombaji namjua kwa sababu nyayo zake nazitambua kabla hajafika kwenye kona? Kwamba siku asipokuja kazini namba hazikai sawa? Wangekunyima."

Hadubini aliushika ukingo wa meza. Maneno kama hayo hakuwahi kuyasikia kutoka kinywa kile. Alikuwa ameyangoja muda mrefu, nayo yakaja siku isiyokuwa yake. Walitazamana juu ya zile sahani, na hakuna aliyediriki kuwa wa kwanza kushusha macho.

"Basi isaini tena," alisema polepole. "Ni karatasi tu."

"Mara ya kwanza ilikuwa kweli. Leo ni uongo."

"Tuvunje kwa wiki moja. Usaini, tuitume, kisha urudi."

"Kwa baba yako hakuna kurudi. Sharti unalijua."

"Nitaongea naye."

"Utamwambia tulifanya hila? Kila asubuhi anamwona shangazi yako anatunga uzi kwenye sindano. Unadhani atakujibu nini?"

Hadubini akaikunja karatasi mara nne, akaikunjua. "Basi siendi."

"Hapana."

"Siendi, nimesema. Nitawaandikia leo. Watu wanaishi bila ya ng'ambo. Tutaoana, nitafundisha, nitazaa, nitazeeka. Kuna ubaya gani?"

Bwana Nukta hakubishana. Aliivuta sahani iliyokuwa karibu naye. "Hii imetoka wapi?"

"Ghala la shule ya msingi."

"Ina watoto wangapi?"

"Mia nne na kitu."

"Na sumu iliyomo ni kiasi gani?"

"Sijui! Nitajuaje? Hapa hakuna mashine ya..." Akajisikia mwenyewe. Mkono ukamwendea mdomoni.

"Hebu sema tena huendi," Bwana Nukta alimwambia kwa upole. "Sema mara ya tatu, nami nitaichana hii karatasi hapa hapa, na Ijumaa tuandike nikahi."

Akafungua mdomo. Wakangoja wote wawili. Friji ya sampuli ikanguruma pembeni, ikatulia. Hadubini alizitazama sahani zake, akamtazama yeye, akazitazama tena sahani. Na machozi yakamtoka mahali pa neno.

Mara ya tatu haikuja.

Bwana Nukta aliichukua karatasi kutoka mikononi mwake, taratibu, akaiweka mfukoni, na akashuka ngazi bila ya kuzihesabu.

Siku ya pili yake alikwenda dukani kwa Fundi. Shangazi alikuwa mlangoni, kopo la vifungo mapajani.

"Mkwe huyo!" aliita. "Na mikono mitupu kama kawaida. Jamani, hizo takwimu hazizai hata peremende?"

Siku nyingine angecheka. Leo aliinama akamwamkia, akapita ndani, akasimama mbele ya cherehani. Fundi alikuwa akishona mkono wa koti, utepe wa kupimia shingoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Vuta kigoda."

"Nitasimama, baba. Nimekuja kuirudisha posa."

Mguu wa Fundi ukagota juu ya kanyagio. Huko mlangoni vifungo vikamwagika, vikaviringika sakafuni, na hakuna aliyeviokota.

"Umesemaje?"

"Nimekuja kuirudisha posa."

"Kuna mwanamke mwingine?"

"Hapana."

"Umemwona mwanangu na kasoro?"

"Kama anayo, mimi sijaiona."

"Basi una wazimu!" Fundi akainuka, mkasi mkononi, akautazama kana kwamba hajui umefikaje pale, akauweka chini. "Wanaume wanne wenye ndevu nyeupe waliketi hapa, wakanila kichwa mara tatu. Leo unakuja peke yako, kijana, kunivua nguo mbele ya mtaa?"

Bwana Nukta akamweleza. Alieleza kama alivyozoea kufundisha, hatua kwa hatua, hakuruka wala hakupamba: barua, tamko, umri, Alhamisi. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, jicho lake likiwa kwenye mshono ulioachwa nusu.

"Kwa hiyo yote haya ni kwa ajili ya neno moja."

"Neno moja, baba."

"Ungeweza kusaini ukanyamaza, nami nisingejua."

"Ningeweza."

"Mbona hukufanya?"

"Ndoa yetu ingekuwa imejengwa juu ya kiapo cha uongo. Na siku moja mtu angeuliza, kwa kuwa watu huuliza. Jina ambalo lingeanguka ni la binti yako. Kazi yote ya kumlilia mdogo wake ingeitwa udanganyifu, na mwandishi wa udanganyifu huo ningekuwa mimi."

Fundi aliketi. Ghafla alionekana mzee kuliko alivyokuwa asubuhi ile. "Neno langu unalijua."

"Nalijua."

"Nikikufungulia wewe kwa sababu u mwema, lile sharti lilikuwa la nini? Kesho nitamfungia nani?"

"Sikuja kuomba kufunguliwa, baba. Nimekuja kusema mwenyewe."

Hapo Shangazi, ambaye ulimi wake haukuwahi kukosa la kusema, alifunika uso kwa upindo wa kanga. "Yule wangu," alisema kutoka ndani ya kitambaa, "hakuja. Mara zote mbili alimtuma mtu. Nilikuwa nimekaa hapa hapa." Akapangusa macho. "Nenda, mwanangu. Nenda kabla sijakushika miguu."

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, Bwana Nukta alilisoma tamko lile mbele ya Katibu, neno kwa neno, kwa sauti. Kila neno lilikuwa kweli. Akatia sahihi. Katibu alipiga muhuri bila ya mzaha wowote, na Bwana Nukta alipotoka, mama yule akaufunga mlango wa ofisi yake kwa saa nzima.

Habari ya posa Hadubini aliipata kwa baba yake, na wiki sita zilizofuata hakumsemesha Bwana Nukta hata salamu. Walipokutana kwenye korido alipita kama apitaye karibu na ukuta. Katika mikutano ya kitivo alikaa safu ya mbele, yeye akakaa ya nyuma, akiutazama ushungi wake mweupe mpaka mwenyekiti alipofunga kikao. Namba za utafiti alimpelekea kwenye bahasha iliyoandikwa kwa herufi safi, *Kwa Mhadhiri wa Takwimu*, na yeye akazirudisha zimesahihishwa, hakuongeza neno.

Siku ya safari ikafika. Uwanja wa ndege ulijaa watu wa chuo, waliokuja na gari la kitivo, wakipiga picha na kutoa nasaha ndefu. Bwana Nukta alikuja kivyake, akasimama mbali, karibu na mlango wa vioo. Hakukusudia kuonekana. Lakini Hadubini alimwachia Shangazi sanduku, akakata katikati ya watu wote wale, akamjia.

"Umekuja kama nani?" alimuuliza.

"Kama mfanyakazi mwenzako."

"Sikukutuma kwa baba."

"Najua."

"Uliamua peke yako. Ulikichukua kimya changu ukakipima, kama mojawapo ya zile namba zako."

"Nilikipima vibaya?"

Alimtazama kwa muda mrefu. Watu walipita baina yao na mizigo, wakaomba radhi, na macho yake hayakubanduka. "Hapana," alisema. "Laiti ungekuwa umekosea ningekuchukia, ningepanda ndege nimepoa. Nilitaka kusema mara ya tatu, Nukta. Wallahi nilitaka. Ulimi haukunyanyuka."

"Usijilaumu."

"Niachie hilo. Mengine yote umeyabeba wewe. Hilo angalau niachie mimi."

Jina lake likatajwa kwenye kipaza sauti. Alijipangusa uso kwa kiganja, haraka.

"Usinisubiri. Baba hatabadilika, nami sitamvunjia neno lake. Nikirudi nitakukuta una mke na watoto, nitawaletea zawadi. Haya, niahidi utaoa."

Bwana Nukta alifungua mdomo. Kisha akaufunga, kwa sababu hakuwa na desturi ya kusema asilokusudia.

"Niahidi basi japo kwa kunidanganya," Hadubini alisema, na sauti ikamkatika. "Mara moja tu katika maisha yako. Hujui hata kudanganya mtu anayeondoka?"

"Nenda," alimwambia. "Watafunga mlango."

Alikwenda. Alipofika kwenye meza ya ukaguzi alisimama, mabega yake yakainuka na kushuka, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuzama. Kisha akaikabidhi pasi yake na hakugeuka. Bwana Nukta alimtazama mpaka ukuta ulipomchukua, kisha akautazama ukuta.

Watu wa chuo waliondoka kwa makundi. Alipotoka nje, jua la saa saba lilikuwa likichoma lami, na Fundi alikuwa amesimama kando ya gari dogo la kukodi, mlango wazi. Tangu siku ile ya dukani walikuwa hawajasemezana.

"Panda," Fundi alisema.

"Nitachukua basi, baba."

"Sikukuuliza utachukua nini." Mzee alitazama pembeni, kwenye magari. Kidevu chake kilikuwa kikitikisika. "Neno langu liko pale pale, usije ukadhani vingine. Ila jua ni kali, nami sina mtoto mwingine wa kurudi naye nyumbani leo. Panda, mwanangu."

Ndani ya gari Shangazi akajisogeza, akamwachia nafasi ya dirishani. Njiani, ndege ilipopita juu yao, wote watatu waliinama kidogo ili waione kupitia kioo cha mbele, wakaifuata kwa macho mpaka ikawa haionekani.

Ewe Mola, Mwenye kuvihifadhi vilivyo mbali, mwongoze binti aliyesafiri na uibariki elimu aliyoifuata. Nao waliobaki usiwaache peke yao. Mpe mzee yule usingizi katika nyumba yenye chumba kitupu. Mpe dada yake faraja asiyoiomba kwa kuwa amekwisha kukata tamaa ya kuiomba. Na yule bwana, aliyesema kweli ikamla, mjaalie subira inayotosha kwa siku moja, na kesho mpe nyingine ya siku hiyo, mpaka umpe ulilomwandikia Wewe. Na kila aliyebaki nyuma ya mlango wa vioo, akimtazama ampendaye akienda kwenye heri, mhurumie, ee Mwenye kurehemu. Amin.